SOMO: Akiba ya kooperative tuiweke wapi? Tupime kwa vipimo vingi, si kwa faida peke yake



Kisha kuuza mavuno na kulipa kila mkulima, kooperative nyingi zinabaki na franga kidogo ndani ya kese. Sheria ya OHADA juu ya kooperative, ile ya tarehe 15/12/2010 inayotumika pia huku kwetu Congo, inaomba sehemu ya ziada ya kila mwaka iwekwe pembeni kama akiba. Ni vizuri. Lakini franga zikiisha kuwekwa pembeni, kila mtu ana wazo lake. Mmoja anasema: « Tupeleke banki. » Mwingine: « Tununue maharagi, bei itapanda. » Wa tatu: « Tukopeshane sisi kwa sisi. » Mwishowe anashinda yule mwenye sauti kubwa, ao yule anayetaja faida kubwa.

Katika somo hili tutajifunza namna ya kulinganisha fasi za kuweka akiba kwa kutumia vipimo vingi kwa pamoja. Mnahitaji karatasi, kalamu, vikombe 5 na maharagi 20 kwa kila kikundi. Lisomeni kwa pamoja, na mfanye hesabu pole pole.

1. JUU YA NINI FAIDA PEKE YAKE HAITOSHI

Watu wanaochunga mifuko mikubwa ya franga huko Ulaya na Marekani nao walianza kwa kuuliza swali moja tu: mfuko huu ulileta faida ngapi? Wakaona swali hilo linadanganya. Mfuko unaweza kuleta faida kubwa mwaka huu na kuanguka mwaka unaofuata. Katika mwaka 1966 Mmarekani mmoja, William Sharpe, alitoa kipimo kinachotazama faida pamoja na namna inavyopanda na kushuka. Kisha wengine wakaongeza vipimo vingine: gharama, usalama, urahisi wa kutoa franga.

Wataalamu walitengeneza njia za kuunganisha vipimo hivyo. Thomas Saaty, mzaliwa wa Mosul kule Irak aliyefundisha Marekani, alionyesha katika miaka ya 1970 namna ya kulinganisha vipimo viwili viwili ili kujua kipi kina uzito zaidi. Bernard Roy wa Ufaransa alileta wazo lingine: kuna ubaya ambao uzuri mwingine wowote hauwezi kuufunika. Mnamo 1981 Hwang na Yoon walitoa njia ya kutafuta chaguo lililo karibu zaidi na zuri kabisa na mbali zaidi na baya kabisa.

Hatuna lazima ya kompyuta ili kutumia mawazo hayo. Mama anayechagua mbegu sokoni anaangalia bei, anaangalia kama inaota vizuri, inakomaa siku ngapi, na kama watoto watakula. Anapima vinne kwa mara moja. Sisi tutafanya vile vile, lakini kwa kuandika, ili kila mwanamemba aone na aulize.

2. MFANO WETU

Huu ni mfano wa kufundishia, hesabu zenu zitakuwa tofauti. Tuseme kooperative ya kahawa ina akiba ya dolari 6 000. Katika mwezi wa 3 kahawa inaanza kuiva, na franga hizo ndizo zitalipa wakulima siku za kwanza za mavuno. Tunajua kinachotokea kama kese iko tupu siku hiyo: mkulima ana watoto wa kulipia masomo, anauzia mchuuzi wa kwanza anayepita. Kandokando ya ziwa Kivu tunakumbuka miaka ambayo kahawa ilivuka usiku kwa mtumbwi kwenda Rwanda, juu huku hapakuwa mnunuzi wa kulipa vizuri.

Komite imeleta machaguo manne:

A. Banki ya mjini, franga zifungwe miezi 12.
B. COOPEC iliyo karibu, kwenye kitabu cha akiba.
C. Kununua maharagi wakati wa mavuno, kuyaweka depo na kuyauza kisha miezi 4.
D. Kukopesha wanamemba kwa miezi 6, mara mbili kwa mwaka.

Kulikuwa pia na chaguo la tano: mtu mmoja aliyeahidi faida ya 10% kila mwezi. Tutarudia kwake.

3. VIPIMO VITANO

Usalama. Franga zinaweza kupotea? Nani anazichunga? Kwa banki na COOPEC, uliza kwanza ruhusa ya Banki Kuu ya Congo (BCC), na uombe kuiona kwa macho. Uliza tena: ni franga za aina gani? Franga ya Congo ilipoanza mwaka 1998, dolari moja ilikuwa chini ya franga 2. Katika mwaka 2023 ilikuwa imepita franga 2 000. Akiba ya miaka mingi ikiwa kwa franga za Congo inapungua hata bila mwizi.

Kupatikana. Tukizihitaji mwezi wa 3, tutazipata mwezi wa 3? Mwanzoni mwa mwaka 2025 mabanki ya Goma na Bukavu yalifunga milango. Watu walikuwa na franga kwenye konti, lakini mkononi hapana. Usalama na kupatikana ni vitu viwili, msivichanganye.

Faida safi. Kinachobaki kisha kutoa gharama zote: safari, depo, kodi, hasara.

Msaada kwa wanamemba. Franga hizo zinapolala fasi hiyo, zinamsaidia mkulima wetu ao zinamsaidia mtu mwingine?

Uwazi. Mwanamemba wa kawaida anaweza kufuata franga? Kuna karatasi? Anaweza kuhesabu mifuko ndani ya depo?

Vipimo vitano vinatosha. Vikipita saba watu wanachoka, na vingine vinaanza kurudilia jambo moja.

4. UZITO: MAHARAGI 20

Wekeni vikombe 5, kila kimoja na jina la kipimo. Kila kikundi kinapata maharagi 20 na kuyagawa ndani ya vikombe. Kipimo chenye maana zaidi kinapata maharagi mengi.

Wanawake wafanye peke yao, vijana peke yao, wazee peke yao. Presida asianze kusema, juu akisema kwanza wote watamfuata. Kisha onyesheni vikombe na mzungumze pale mlipotofautiana. Hapo ndipo somo liko! Kama wanawake wameweka maharagi 8 kwenye « kupatikana » na komite imeweka 2, inafaa kusikiliza sababu yao.

Mkishindwa kupatana, lieni vipimo viwili viwili: « Tukilazimika kukosa kimoja, usalama ao faida, kipi kitatuumiza zaidi? »

Katika mfano wetu mkutano umepatana hivi: usalama 6, kupatikana 5, faida safi 4, msaada 3, uwazi 2. Jumla 20.

Uzito upatikane MBELE ya kutazama machaguo. Mkianza na machaguo, kila mtu atavuta maharagi kwenda upande wa chaguo analolipenda.

5. HESABU YA FAIDA SAFI

Hapa ndipo kooperative nyingi zinaanguka, basi tukae kidogo.

Chukua chaguo C. Dolari 6 000 zinanunua kilo 10 000 za maharagi kwa dolari 0,60 kilo. Kisha miezi 4 bei ni 0,85. Mtu wa haraka anasema: « 10 000 mara 0,85 ni 8 500. Tumepata 2 500! »

Pole pole. Wadudu na kukauka vimekula 6%, tumebaki na kilo 9 400. Mara 0,85 ni dolari 7 990. Gharama: mifuko 100, depo 240, kamyo na kupakiza 450, mlinzi 200, kodi za njiani 100. Jumla 1 090. Basi 7 990 toa 6 000 toa 1 090, inabaki dolari 900. Ni 15%. Nzuri, lakini si 2 500.

Sasa uliza: na kama bei inafika 0,70 tu? Kilo 9 400 mara 0,70 ni 6 580. Toa 6 000, toa 1 090: tunapoteza dolari 510. Ili tusipoteze, bei lazima ifike karibu 0,76. Namba hiyo iandikwe ukutani mwa depo.

Msitazame msimu mmoja. Tazameni mitatu. Tuseme misimu mitatu ya nyuma bei ya kuuza ilikuwa 0,85, kisha 0,70, kisha 0,90. Matokeo: faida 900, hasara 510, faida 1 370. Jumla 1 760, gawa kwa 3, ni karibu 587 kwa msimu, yaani karibu 10% ikikosa kidogo. Aliyeangalia msimu wa kwanza tu aliona 15%.

Machaguo mengine, kwa mwaka mzima:

A. Banki inatoa 4%, ni dolari 240. Toa safari tatu za mjini (75) na gharama za konti (36). Inabaki 129, karibu 2%.
B. COOPEC inatoa 3%, ni 180. Toa gharama na safari (44). Inabaki 136, karibu 2% pia. Banki ilisema 4 na COOPEC ikasema 3, lakini mfukoni ni sawasawa!
D. Mikopo kwa 1,5% kwa mwezi, miezi 6, ni 540. Toa deni zisizorudi, 5% ya 6 000, ni 300. Toa karatasi na kufuatilia, 40. Inabaki 200. Mara mbili kwa mwaka ni 400, karibu 7%, ikikosa kidogo.

6. KUTOA POINTI

Kila chaguo linapata pointi 1 mpaka 5 kwa kila kipimo: 1 ni mbaya sana, 5 ni nzuri sana. Patanani kwanza maana ya kila pointi. Kwa faida safi sisi tumeweka: chini ya 1% ni pointi 1, 1 mpaka 4% ni 2, 4 mpaka 7% ni 3, 7 mpaka 10% ni 4, kupita 10% ni 5.

Mwenye ndugu anayetumika kwenye COOPEC ile, ao mwenye depo ya kukodisha, aseme wazi na asitoe pointi. Hatumshtaki mtu, tunalinda jina lake na la kooperative.

Zidisha pointi mara maharagi, kisha jumlisha. Kwa sababu maharagi ni 20 na pointi ya juu ni 5, alama ya juu kabisa ni 100.

A. Banki: usalama 4×6=24; kupatikana 2×5=10; faida 2×4=8; msaada 1×3=3; uwazi 4×2=8. JUMLA 53.
B. COOPEC: usalama 3×6=18; kupatikana 4×5=20; faida 2×4=8; msaada 3×3=9; uwazi 3×2=6. JUMLA 61.
C. Maharagi: usalama 2×6=12; kupatikana 3×5=15; faida 4×4=16; msaada 4×3=12; uwazi 4×2=8. JUMLA 63.
D. Mikopo: usalama 3×6=18; kupatikana 2×5=10; faida 3×4=12; msaada 5×3=15; uwazi 4×2=8. JUMLA 63.

7. KUSOMA MATOKEO

Msiseme haraka: « C na D zimeshinda! » Tofauti ya 63 na 61 ni ndogo sana. Jaribuni kuhamisha haragi moja, kutoka msaada kwenda kupatikana. Hesabu mpya: A 54, B 62, C 62, D 60. Haragi moja tu, na B imepita D! Basi B, C na D ziko karibu sawa. Banki A iko nyuma kila mara. Hiyo tunaweza kuisema bila woga.

Jaribio hili mlifanye kila mara. Kama mshindi anabaki mshindi hata mkihamisha maharagi mawili matatu, mna jibu lenye nguvu. Kama anabadilika, pointi zinawaambia mzungumze zaidi.

8. MISTARI MYEKUNDU

Kuna mambo ambayo pointi haziwezi kufunika. Mtumbwi wenye rangi nzuri na viti vizuri, ukiwa na tundu chini, utazama tu. Basi wekeni mistari myekundu mbele ya kuhesabu:

- Fasi inayopokea akiba za watu bila ruhusa ya BCC: hapana.
- Asiyetoa karatasi ya kupokea franga: hapana.
- Franga za kununulia mavuno hazikai fasi yenye pointi chini ya 3 ya usalama, wala fasi yenye pointi 1 ya kupatikana.

Sasa turudilie mtu wa 10% kila mwezi. Kwa mwaka ni 120%. Biashara gani ya kweli inaweza kulipa hivyo kila mwezi, bila msimu mbaya? Kwa kawaida wa kwanza wanalipwa kwa franga za wale waliokuja nyuma, na siku watu wapya wakikosa, mlango unafungwa. Kwenye kipimo cha faida angepata 5. Lakini hana ruhusa wala karatasi. Tunamtoa MBELE ya pointi, na hatumhesabu hata kidogo.

Mstari wa tatu unagusa pia chaguo C. Usalama wake ni 2. Franga za kununulia kahawa hazitaenda kwenye maharagi, hata kama alama yake ni 63.

9. KUAMUA, NA KUGAWA

Hakuna sheria inayosema franga zote zikae fasi moja. Mkutano wa mfano wetu umeamua hivi: dolari 3 500 kwa COOPEC, juu ya siku za kwanza za kahawa, 1 500 kwa mikopo ya wanamemba, yote irudi mbele ya mwezi wa 3, na 1 000 kwa maharagi, ambazo mkutano umekubali wazi kwamba zinaweza kupungua. Wamejua pia kwamba stoki ikiwa ndogo gharama zingine hazipungui sawa nayo. Mlinzi wa kilo 1 500 analipwa sawa na mlinzi wa kilo 10 000. Basi wataomba fasi ndani ya depo ya kooperative jirani.

Andikeni yote ndani ya PV ya mkutano: vipimo, maharagi, pointi, na sababu ya kila pointi. Komite ya uangalizi ibaki na kopi. Komite ikibadilika, wapya watajua juu ya nini mliamua vile.

10. KUPIMA TENA

Kila miezi mitatu fungueni karatasi ile. Faida iliyokuja ni ile mliyoandika? Deni zisizorudi bado ni 5%, ao zimefika 12%? COOPEC inatoa franga siku ileile, ao imeanza kusema « rudi kesho »? Maneno « rudi kesho » mara mbili yanatosha kushusha pointi ya kupatikana na kuita komite.

Msihame kila msimu kwa kukimbilia aliyefanya vizuri mwaka jana. Bei ya maharagi ikipanda sana, kila mtu atanunua, na mwaka unaofuata mara nyingi inashuka.

ZOEZI KWA KIKUNDI

Mwanamemba mmoja analeta wazo la kununua mashini ya kusaga mahindi kwa dolari 6 000 zilezile. Kikundi kimetoa pointi hizi: usalama 3, kupatikana 1, faida safi 4, msaada 5, uwazi 3.

a) Hesabuni alama yake kwa maharagi ya somo hili.
b) Inapita mistari myekundu kwa franga za kununulia kahawa?
c) Ni franga za aina gani zingefaa kununua mashini?

Majibu: a) 18 + 5 + 16 + 15 + 6 = 60. b) Hapana, kupatikana ni 1: mashini haigeuki franga katika mwezi wa 3. c) Franga za miaka mingi, kwa mfano michango ya wanamemba iliyotolewa kwa kazi hiyo, ao mkopo wa kulipa pole pole. Mashini yenyewe ni wazo zuri. Ni kese ya kahawa tu isiyofaa kuilipia.

Kisha zoezi, chukueni akiba yenu ya kweli na mfanye hatua zote. Pangeni saa tatu, na mkutano usiwe siku ya soko. Wale wasiojua kusoma watoe maharagi sawa na wengine, juu haragi la kila mwanamemba lina uzito mmoja.